Ukienda Takwa, uliza maji kwanza

Wageni wengi wa Lamu, na hata sisi wenyewe wa pwani, tunazunguka mji, tunapita ngome, tunapigana vikumbo na punda vichochoroni, alafu tunarudi nyumbani. Manda tunaijua kwa sababu ya uwanja wa ndege tu basi. Sisi wa mambo ya kale inatuuma kidogo, manake magofu ya Takwa yako kisiwa hicho hicho, kama nusu saa hivi kwa boti ya injini ukitokea Lamu, na ni mji mzima ule, sio kaukuta kamoja.

Sasa kabla ya kuuliza bei ya boti, uliza maji. Takwa unaingilia kwa mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na huo mkono maji yakitoka unabaki tope. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku yanasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo mtu akikwambia wiki ilopita tulitoka saa nne tukafika vizuri, hiyo haikusaidii kitu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa sana lakini pia yanatoka sana, ukizubaa na selfi boti inakaa chini, na hapo ama usubiri masaa ama uvue viatu. Nahodha akisema twendeni, twendeni.

Ukishuka unaingia mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17, umezungushiwa ukuta, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na mibuyu imejiotea humo bila kuuliza mtu. Angalia milango ya nyumba, inatazama kaskazini, upande wa kibla, na watu wengi wanaipita tu bila kuona. Msikiti wa Ijumaa ndo mahali pa kukaa kidogo. Juu ya ukuta wa kibla kumesimamishwa nguzo, na hilo sio jambo la kawaida kwa misikiti yetu, kuna wanaosema pamezikwa sheikh hapo. Mwanaakiolojia James Kirkman alisafisha magofu haya 1951, kabla ya hapo vichaka vilikuwa vimeyameza.

Swali tunaloulizwa kila mara ni nani aliwafukuza watu wa Takwa mpaka mji ukabaki mtupu. Watu wanapenda kusikia vita, na ni kweli ugomvi na Pate, mji wa kisiwa jirani, unatajwa, maradhi pia yanatajwa. Lakini mimi huwapeleka kisimani kwanza. Kisiwa kama Manda hakina mto. Mvua ikinyesha inazama mchangani na kwenye matumbawe, na yale maji matamu, sababu ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyoko chini ya ardhi kama mafuta yanavyoelea kwenye supu. Hesabu ya wataalam wa maji inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Sasa igeuze hiyo hesabu: ukichota sana, au mvua zikipungua, ukashusha hiyo mita 1, chumvi inapanda kwa kasi ambayo hukuitegemea. Na mji wenye msikiti unachota, kuna kupika, kuoga, kutawadha mara tano kwa siku. Maji ya Takwa kugeuka chumvi ni moja ya sababu kubwa zinazotajwa watu kuhama mwisho wa karne ya 17, na mimi kwa upande wangu naiweka mbele ya zile zingine.

Ona walikoenda. Inasemekana walivuka wakakaa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, pembeni ya milima ya mchanga, na mchanga ule ndo unaochuja na kuhifadhi maji matamu yanayonywewa Lamu mpaka leo. Kwa hiyo anayejenga juu ya milima ile akidhani ni mchanga tu, angefaa apelekwe Takwa kwanza, nauli tutachanga.

Na Shela hawajakatika na kwao kwa zamani. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani kama 1683 hivi, na watu wa Shela huvuka kwenda kuomba dua ya mvua hapo. Mvua, sio kitu kingine. Ukikuta watu kwenye dua, simama mbali, weka simu mfukoni, na hata siku hakuna mtu vaa nguo za heshima.

Jambo la mwisho, kuta. Usipande. Chokaa ya miaka 400 inashikilia jiwe mpaka siku mtu mwenye kilo 80 anapotaka picha nzuri. Na ukiona pameachia usitushauri tupige simenti, simenti inafungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe na ukuta unaoza kutoka ndani, tunarudishia chokaa. Vigae vya vyombo mnavyovikanyaga pale chini viacheni pale pale, kigae kikitoka mahali pake hakitwambii tena kilikuwa cha nyumba gani wala cha wakati gani, na isitoshe kukichukua ni kosa kwa sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Maji ya kunywa beba yako kutoka Lamu.