Ghera: gere inapogeuka kuwa nguvu

"Mbona mwenzako ameweza?" Ni maneno matatu tu, na karibu kila mtu amewahi kuyasikia: mezani, darasani, kazini, au kichwani mwake mwenyewe usiku, usingizi ukiwa umegoma. Anayeyasema mara nyingi huamini anatia moyo. Anayeambiwa husikia jambo jingine kabisa: wewe huwezi. Hata hivyo wapo ambao maneno hayohayo huwatoa kitandani alfajiri wakaanza kazi. Kilicho ndani ya hao, na ambacho hakijawaka kwa wale wengine, kina jina lake. Kinaitwa ghera.

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana mno kwa sauti. Gere ni wivu. Kumwonea mtu gere ni kuumia kwa sababu yeye amepata. Ghera ni hamu kali ya kutenda, ile inayomfanya mtu asikubali kubaki nyuma. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, katika neno ghira, ambalo huko hubeba wivu na ari kwa pamoja. Naona lugha imekiri hapa jambo ambalo wahamasishaji wengi hulikwepa: ari na wivu huchota maji kisima kimoja. Anayetaka ghera bila kuchomwa hata kidogo anataka moto usio na joto.

Basi tuseme hivi: ghera ni uchungu wa kuzidiwa, au wa kushindwa, uliokwisha kupewa kazi ya kufanya. Kabla ya kupewa kazi ni uchungu tu, na uchungu usio na kazi hujitafutia. Huwa kinyongo, au umbea, au uvivu unaojiita kuridhika.

Lakini kwa nini tunajilinganisha kabisa? Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba binadamu ana haja ya kujua yuko wapi, na pasipokuwa na kipimo cha wazi hujipima kwa watu. Urefu wako utaupima kwa futi. Je, wewe ni mzazi mzuri? Mwandishi mzuri? Unaendelea vizuri kwa umri wako? Futi ya kupima hayo haipo, kwa hiyo jicho linakwenda kwa jirani. Festinger aliongeza kwamba tunapenda kujipima kwa wanaofanana nasi. Ndiyo maana utajiri wa bilionea usiyemjua hauondoi usingizi, lakini kupandishwa cheo kwa mtu mliyeanza naye kazi siku moja kunaweza kukuharibia wiki nzima. Anayeumiza ni wa karibu, kwa kuwa yeye ndiye ushahidi kwamba jambo lile lilikuwa linawezekana.

Ushahidi huo ndio unaochoma, na ndio huohuo unaofaa. Inategemea unausomaje.

Kuna methali inayosema aliye juu mngoje chini. Watu hucheka wakiisema, lakini imebeba mpango mzima wa maisha: kukaa, kutazama, na kusubiri mwenzako ateleze. Kuna waliokwisha kuigeuza wakasema aliye juu mfuate hukohuko. Watafiti wa Uholanzi, Niels van de Ven na wenzake, waliandika mwaka 2009 juu ya tofauti hiyohiyo. Kiholanzi kina maneno mawili ya wivu. Mmoja humfanya mtu atake kupanda afike aliko mwenzake. Wa pili humfanya atake mwenzake ashuke. Yote mawili huuma, na hilo ni muhimu kulishika, maana si kwamba mmoja ni wivu na mwingine ni upendo. Kinachoyatenganisha ni upande unaotaka kuvuta.

Miaka miwili baadaye walitoa matokeo ambayo mimi nayaona ya kushangaza zaidi. Walilinganisha wivu huo wa kupanda na kustahi, yaani kumvulia mtu kofia kwa moyo mweupe. Waliofanya bidii zaidi ni wale walioona wivu. Kustahi ni hisia tamu, na utamu wake ndio tatizo lake: ukishampongeza mtu kwa kumwona wa namna nyingine kabisa, hudaiwi tena kitu. Unapiga makofi, unarudi kukaa. Kwa hiyo ukimwona mwenzako amefanikiwa na moyo ukakuuma, usikimbilie kujilaumu kwamba una roho mbaya. Roho bado haijaamua.

Inaamuliwa na nini? Jambo la kwanza ni kama unaona mwenzako alistahili. Ukiamini alipata kwa hila, uchungu utavuta chini, na pengine kwa haki; hapo dawa ni kudai haki. La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kama unaona njia. Mwaka 1997 Penelope Lockwood na Ziva Kunda walichapisha utafiti uliofanywa Kanada. Wanafunzi wa uhasibu walisomeshwa habari za mwanafunzi wa uhasibu aliyekuwa anamaliza chuo akiwa nyota wa kila kitu. Wale wa mwaka wa kwanza walijiona bora baada ya kusoma. Wale wa mwaka wa nne hawakupata mwamko huo. Habari ni ileile, nyota ni yuleyule. Wa kwanza walikuwa na miaka mitatu mbele yao. Wa nne walikuwa wanaambiwa juu ya basi lililokwisha kuondoka.

Wazazi na mabosi wanaopenda kutoa mifano wangelitafakari hilo kidogo. Mfano wa mtu aliyefanikiwa si kitu kinachotia moyo chenyewe kama chumvi inavyotia ladha. Ukimpa mtu mfano bila kumwonyesha njia wala muda wa kuipita, umempa kipimo cha kushindwa kwake tu. "Mbona mwenzako ameweza?" hufunga mlango. "Mwenzako alianzaje?" huufungua, na tofauti yake ni neno moja au mawili.

Hapa kuna kazi ya mkono kidogo. Ulinganisho unaovunja moyo huwa mpana mno: yeye kwa jumla dhidi ya mimi kwa jumla. Anayetaka kuugeuza sharti aukate vipande. Chukua mtu anayeandika, anasoma kazi ya rika lake na kuhisi kwamba yeye si lolote. Kwa "anaandika vizuri kuliko mimi" hakuna la kufanya. Lakini akikaa na ukurasa ule akauliza hasa ni nini, huenda akaona kwamba mwenzake huanza katikati ya tukio ilhali yeye huanza na dibaji ndefu. Au kwamba mwenzake huandika kila siku naye huandika akijisikia. Sasa kuna la kufanya kesho asubuhi. Wivu wake haujaisha, ila umepata anwani. Na wakati mwingine ukikata vipande unagundua kwamba kile ulichokuwa unakionea gere hukitaki. Unataka sifa zake, hutaki saa zake. Hilo nalo ni jibu, tena linaokoa miaka.

Kushindwa kuna hesabu yake inayofanana na hii. Mwanasaikolojia Bernard Weiner alionyesha kwamba kinachoamua mtu atafanya nini baada ya kuanguka ni sababu anayojipa. Mwanafunzi aliyefeli akisema "sina akili," ametaja sababu iliyo ndani yake, isiyobadilika, na asiyoimudu. Hakuna wa kujitahidi mbele ya hukumu hiyo. Akisema "nilisoma kwa kukariri, nikaulizwa maswali ya kufikiri," sababu bado ni yake, hajamsingizia mwalimu wala bahati, lakini inabadilika na iko mkononi mwake. Kumbuka kwamba si suala la kujifariji. Sentensi ya pili inauma pia, labda zaidi, kwa kuwa inamwachia lawama na kazi kwa pamoja. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nami husikia ndani yake kwamba mhunzi lazima kwanza akubali koleo limevunjika, asijifanye bado liko mkononi.

Mfano unaojulikana wa koleo kuvunjika ni wa Eliud Kipchoge. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, akapata shaba ya Olimpiki 2004 na fedha 2008. Mwaka 2012 hakupata nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Kwa mkimbiaji wa uwanjani mwenye historia hiyo, ilikuwa rahisi kuisoma kama kwaheri. Aprili 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza, mjini Hamburg, akashinda. Baadaye zikaja dhahabu mbili za Olimpiki katika marathoni, na Oktoba 2019 mjini Vienna akamaliza umbali huo kwa saa 1:59:40, katika mbio maalumu zisizohesabiwa kuwa rekodi rasmi. Ukiitazama ile 2012 kwa makini, ilichosema ni kidogo sana: wewe, katika mbio hizi, mwaka huu, hapana. Haikusema neno lolote juu ya kilomita 42.

Sasa tahadhari, kwa sababu hadithi kama hiyo hupenda kusimuliwa kana kwamba kuanguka ni dawa. Mwaka 2019 Yang Wang, Benjamin Jones na Dashun Wang walichapisha utafiti juu ya wanasayansi vijana wa Marekani walioomba fedha za utafiti. Walilinganisha waliokosa kwa alama chache na waliopata kwa alama chache, watu ambao kwa uwezo walikuwa karibu sawa. Waliokosa na kuendelea walikuja kutoa kazi zenye uzito zaidi kuliko waliopata, na kuchujwa kwa wadhaifu peke yake hakukutosha kueleza tofauti hiyo. Ila neno ni "na kuendelea." Sehemu ya waliokosa waliiacha kabisa njia ile. Kushindwa kulekule kulikomwongezea mmoja nguvu kulimtoa mwingine mchezoni, na waliotoka hatuwasikii wakihojiwa. Kwa hiyo anayesema "kilichokuangusha kitakuimarisha" amehesabu waliosimama tu.

Kuna namna moja ya ghera ambayo huwaka haraka na ambayo siiamini sana: "nitawaonyesha." Mtu amedharauliwa, anaapa kuwathibitishia. Kuni hizo ni kavu, zinashika moto kwa kiberiti kimoja, na kwa kuanzia zinafaa. Shida huja baadaye. Kazi yako imekabidhiwa kwa watu usiowapenda. Wao ndio waamuzi wa lini umefika, na wengi wao wala hawakumbuki walichosema. Mkamia maji hayanywi. Anayekimbia ili fulani ajute hugeuka nyuma kila hatua kuona kama fulani anatazama, na mkimbiaji anayegeuka nyuma huchelewa. Ghera inayodumu huanza kwa dharau ya watu, kisha taratibu humezwa na kazi yenyewe, mpaka siku moja mtu anashangaa kwamba hajamfikiria yule aliyemcheka kwa miezi kadhaa.

Na si kila ulinganisho unastahili kugeuzwa. Mwingine ni mbovu tangu mwanzo, kwa kuwa kipimo chenyewe kimepinda. Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alieleza kioja cha kihesabu: kwa wastani, marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Sababu ni rahisi. Mwenye marafiki wengi huhesabiwa katika orodha za watu wengi, kwa hiyo ana nafasi kubwa ya kuwa katika yako pia. Mitandaoni hali hiyo huonekana wazi: wanaofuatwa sana ndio unaowaona sana, tena unawaona siku waliyovaa vizuri. Ukijipima kwao umejipima kwa sampuli iliyochaguliwa kukuzidi. Hapo hakuna ghera ya kutafuta. Ni kufunga simu na kulala.

Vilevile kuna uchungu ambao si wa kugeuzwa kuwa chochote kwa wakati huo. Mtu aliyevunjika moyo kwa wiki kadhaa, hali wala halali vizuri, na hata alivyovipenda havimvuti tena, hahitaji mfano wa bingwa wala methali ya mhunzi. Anahitaji daktari au mshauri, na mtu wa kukaa naye kimya. Kumwambia "igeuze iwe nguvu" ni ileile "mbona mwenzako ameweza?" iliyovalishwa nguo mpya.