"Soma, lakini angalia usipoe": dhana potofu kuhusu Mkristo na masomo ya juu

Mkristo akipata nafasi ya kusoma uzamili au uzamivu, pongezi huwa nyingi, na katikati ya pongezi hakosi mtu wa kumvuta pembeni na kumwambia, "Soma, lakini angalia usipoe." Anayesema hivyo anasema kwa upendo. Ila onyo hilo limebeba dhana ambazo nimeziona zikiwatesa wanafunzi waaminifu: wanasoma huku wakijihisi wana hatia, na wanaomba huku akili iko kwenye tasnifu.

Dhana: Elimu nyingi huua imani, na Biblia yenyewe imesema

Aya zinazotajwa kwa kawaida ni mbili: "andiko huua, bali roho huhuisha" (2 Wakorintho 3:6) na "ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga" (1 Wakorintho 8:1). Soma sura nzima. Katika ya kwanza Paulo analinganisha agano lililochorwa katika mawe na agano jipya la Roho. Habari ya shule haimo. Katika ya pili anawajibu Wakorintho juu ya vyakula vilivyotolewa sadaka kwa sanamu. Wenye ujuzi walikuwa wakila bila kujali dhamiri ya ndugu aliye dhaifu. Walikosea kwa kumpuuza ndugu, na ujuzi wao ukawa kisingizio.

Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni na akijua mwisho wake umekaribia, alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Anangoja kufa, na bado anataka vitabu vyake. Danieli na wenzake nao walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, watu wasiomwabudu Mungu wa Israeli, na Danieli 1:17 inasema Mungu ndiye aliyewapa maarifa na ujuzi katika elimu na hekima.

Wengine hofu yao ni sayansi. Picha ya dini na sayansi kuwa vitani tangu zamani ilienezwa sana na vitabu viwili, cha John William Draper cha mwaka 1874 na cha Andrew Dickson White cha mwaka 1896, na wanahistoria wengi wa sayansi leo hawaikubali. Georges Lemaître, mwanafizikia Mbelgiji, alipata upadri mwaka 1923, na mwaka 1927 akachapisha makala iliyoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Nampenda zaidi kwa jambo lililofuata. Papa Pio wa 12 alipoihusisha nadharia yake ya mwanzo wa ulimwengu na uumbaji, mwaka 1951, Lemaître hakufurahi. Alishikilia kwamba nadharia yake ni ya fizikia na ipimwe kwa fizikia. Imani yake haikuhitaji kuegemezwa kwenye mlinganyo ambao kesho ungeweza kusahihishwa.

Dhana: Saa ya maombi ni ya Mungu, saa ya maktaba ni yangu

Kwa maoni yangu hii ndiyo mama wa dhana zote nyingine, maana inamfanya mtu aone kwamba sehemu kubwa ya siku yake iko nje ya macho ya Mungu.

Inyasi wa Loyola, mtakatifu wa Kikatoliki wa karne ya 16, alianza kujifunza Kilatini Barcelona akiwa na zaidi ya miaka thelathini. Kila alipoketi kukariri sarufi, alijaliwa mawazo mapya ya kiroho na utamu mwingi wa moyo, hata asiweze kukariri. Akajichunguza, akagundua kwamba hata akiwa kwenye sala au misa mawazo hayo hayamjii kwa nguvu namna hiyo. Akahitimisha kwamba ni kishawishi. Akamwendea mwalimu wake, akamweleza yote, na kumwahidi kwamba kwa miaka miwili hatakosa kipindi, maadamu Barcelona anapata mkate na maji. Baadaye, alipokuwa akiwaongoza wanafunzi, hakutaka warefushe sala kupita kiasi, kwa sababu masomo yanamdai mtu mzimamzima. Hata Mprotestanti ana la kuchukua hapo: kuna nyakati utii ni kukaa kwenye kiti na kumaliza sura.

Na kiti hicho kina majaribu yake. Umeweka data kwenye grafu. Nukta zote zinafuata mstari isipokuwa moja, iko juu kabisa upande wa kulia. Ukiifuta, matokeo yanapendeza, na msimamizi hajaiona. Hapo ndipo imani ya mtafiti inapofanya kazi. Unafungua daftari la maabara, unatafuta siku ile, unaangalia kama kifaa kilikuwa na hitilafu iliyoandikwa. Kama hakuna, nukta inabaki, na unaandika aya ya kuieleza. Ni amri ileile ya kutoshuhudia uongo. Vivyo hivyo kwenye mapitio ya machapisho: mwandishi usiyekubaliana naye ni jirani yako, na hoja yake unaiandika kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeisoma akasema, "Ndiyo, hilo ndilo nililosema," kabla hujaanza kuipinga.

Dhana: Mwenye imani hana maswali

Baba wa yule kijana katika Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa. Anselmi wa Canterbury, mtawa na mwanateolojia wa karne ya 11, aliiona kazi yake yote ya kufikiri kama imani inayotafuta ufahamu. Swali lililokujia ukiwa unasoma lipeleke kwenye maombi kama lilivyo, halafu lipeleke pia kwa mtu aliyelisoma kwa kina.

Dhana: Ukiamini, lazima utafaulu

"Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" hubandikwa ukutani wakati wa mitihani. Lakini rudi nyuma aya moja tu, Wafilipi 4:12: Paulo anazungumzia kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Nguvu anayoitaja ni ya kustahimili hali zote mbili. Makala yako ikikataliwa, au mtahini wa nje akidai uandike upya sura nzima, aya hiyo bado ni yako, na pengine ndipo inapokufaa zaidi. Yeremia 29:11 nayo, ile ya mawazo ya amani, iliandikiwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, na aya iliyotangulia imeshawaambia watangoja miaka 70.

Wala usimwambie aliyechoka kwamba hajaomba vya kutosha. Nabii Eliya alipotamani kufa chini ya mti wa mretemu, malaika alimpa chakula, akamwacha alale, akampa tena (1 Wafalme 19). Uchovu ukigeuka giza lisilokwisha, mshauri nasaha na daktari nao ni watu wa kuendewa.

Dhana: Nitamtumikia Mungu nikishahitimu

Uzamivu unaweza kuchukua miaka minne, mara nyingine zaidi. Ni miaka mingi mno kuiita maandalizi. Agosti 15, 1534, wanaume saba waliokutana kwa sababu ya masomo Paris, Inyasi akiwa mmoja wao, waliweka nadhiri Montmartre. Padri alikuwa mmoja tu. Kutokana na kikundi hicho likazaliwa Shirika la Yesu (Wajesuiti), lililoidhinishwa mwaka 1540. Si kila kikundi cha wasomi kitazaa shirika. Lakini mwenzako aliyekataliwa makala wiki hii anakaa meza ya pili kutoka yako, na anatafuta mtu wa kumsomea sura yake ya tatu kabla ya Ijumaa.