Kabla hujaweka dole gumba kwenye karatasi ya kumalizana

Mama mmoja muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi aliingia ofisini kwangu hapa Kigoma na bahasha ya kaki iliyolowa mawese. Mwanawe ni bodaboda. Fuso lilimgonga barabara ya Manyovu, akavunjika mfupa wa paja. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili tu: PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na nyingine ya mkono inayosema familia imepokea shilingi laki nne, "tumemalizana, hatudaiani". Chini yake kuna mhuri wa mtaa na dole gumba la mgonjwa, alilopigishwa siku ya tatu akiwa kitandani.

"Wakili mwanangu," akaniambia, "hiyo hela iliisha hata vyuma hajawekewa."

Kwa niliyoyaona, madai mengi ya majeruhi hayafii mahakamani, yanafia kwenye karatasi kama hiyo. Ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru, kwa hiyo tunaweza kusema kijana alikuwa na maumivu makali na hakuelewa anachokubali. Lakini mzigo wa kuthibitisha hayo unakuwa wako, na mwenyekiti aliyegonga mhuri huenda akawa shahidi wa upande wa pili.

Watu hawajiulizi laki nne zimetoka wapi. Mara nyingi ni za dereva au tajiri yake, anayetaka yaishe kimyakimya. Fidia yenyewe ipo kwa kampuni ya bima: Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye chombo kuwa na bima inayomlinda mtu wa tatu, yaani wewe uliyegongwa. Piga picha namba ya gari. Bima ikoje unaweza kuihakiki kwa namba hiyo kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Sisemi mkatae hela. Wazee wamekaa, mgonjwa anahitaji dawa, pokeeni. Ila muandike "mchango wa matibabu", na mstari mmoja zaidi: haki ya kudai fidia inabaki palepale. Mtoaji akigoma kuandika hivyo, basi mmeshajua alichokuja kununua.

Jambo jingine ni kesi ya trafiki. Dereva akikiri kosa na kutozwa faini, familia hukata tamaa: "ameshalipa serikalini". Faini ni ya serikali, haina uhusiano na mguu wako. Tena hukumu hiyo ni silaha. Kwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, muda wa rufaa ukipita, hukumu ya jinai ya kumtia mtu hatiani inakuwa ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa. Omba nakala iliyothibitishwa na mahakama. Polisi nako fuatilia ripoti ya ajali, ukaguzi wa gari na ramani ya tukio.

Hesabu ya fidia ina mafungu mawili. Maumivu na ulemavu hakimu anayakadiria mwenyewe, akiongozwa na ripoti ya daktari, ndiyo maana sipendi kudai kabla mfupa haujaunga. Gharama na kipato kilichopotea lazima uvitaje na uvithibitishe shilingi kwa shilingi. Hapo watu wetu wanaumia. Bajaji haitoi risiti, na chakula cha anayeuguza hakina risiti. Andika siku hiyohiyo kwenye daftari, na namba ya simu ya uliyemlipa. Bodaboda hana hati ya mshahara, lakini ana mkataba wa pikipiki, ana hesabu anayopeleka kwa tajiri kila jioni, na ana miamala ya simu.

Muda ni miaka 3 tangu ajali kwa madai ya namna hii. Mtu wa bima anaweza kukupigisha stori nzuri, "njoo wiki ijayo", mpaka ipite. Mazungumzo hayasimamishi saa. (Kama uliumia ukiwa kazini kwa mwajiri, mfano utingo wa hilo Fuso, kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na huko usikawie kabisa kutoa taarifa.)

Huyu mama bado tunapambana. Tumemwandikia mwenye gari na bima yake, na dereva alikiri, kwa hiyo Jumatatu nafuata nakala ya hukumu. Nimemtuma nyumbani akatafute daftari la hesabu la kijana. Amepiga simu jana kwamba limepatikana, ila wajukuu wamechora chora kurasa za nyuma. Nimemwambia alilete hivyohivyo.