Moto hauondoi sumu ya unga ulioota ukungu

Hapa Lamu utasikia mara nyingi: unga wa mahindi ukiota ukungu, uchekeche, uanike juani, kisha songa ugali kwa moto mkali, hutadhurika. Si kweli. Moto huua ukungu wenyewe, lakini sumu yake, aflatoksini, huhimili joto la maji yanayochemka bila taabu. Chekeche nayo huzuia madonge tu. Sumu haionekani, haina harufu, na hupita pamoja na unga unaoonekana mzuri. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui.

Kwa hiyo unga wenye madonge ya kijani au kijivu, au unaonuka uvundo, tupa wote. Wala usiwape kuku.

Uchungu ni jambo jingine. Dona ina kiini cha mahindi chenye mafuta, nayo huchacha mapema kuliko sembe iliyokobolewa, basi nunua kidogo kidogo. Vidudu wachache mimi hawanitishi hivyo, ingawa huonyesha unga umekaa.

Hewa ya bahari ina unyevu, na gunia lililowekwa sakafuni huunywa wote. Afadhali ndoo kavu yenye kifuniko, na usimimine unga mpya juu ya masalio ya zamani.