Tui likikatika, msiisingizie nazi

Ijumaa mteja karudisha bakuli la mchuzi wa nguru. "Dada, nazi yenu mbovu, tazama ilivyokatika." Kijana wangu wa jikoni naye likimkatikia husema hivyohivyo. Nimechoka. Naandika leo, atakayeniuliza tena namtumia linki.

Nazi mbovu haijifichi. Ukiipasua tu, pua inajua. Ukionja kipande, ulimi unakataa. Ndiyo maana kila nazi naionja kabla haijafika kwenye mbuzi. Nazi mbovu harabu ya nzima, na kwa anayekuna nazi kumi kwa mkupuo hiyo si methali, ni hasara. Tui lililokatika hebu lionje: utamu wake uko palepale. Limeachana tu, mafuta juu, maji chini, katikati vijidonge vyeupe kama vya mtindi.

Tui ni mafuta na maji, vitu visivyopendana, vilivyoshikanishwa na protini. Moto ukipita nyuzi 80 hivi, protini zinaanza kujikunja na kuyaachia mafuta. Ukikamulia ndimu mapema, ndiyo unazihimiza. Kemia iishie hapo.

Ninachogombana nacho ni mpangilio. Tui la pili na la tatu, yale mepesi, ndiyo ya kupikia: nyanya, bizari, ukwaju, samaki, vyote viivie humo, na yachemke yanavyotaka. Tui la kwanza, zito, lingoje kwenye bakuli lake. Samaki wakiiva nawatoa kando, maana upawa utawavuruga. Moto naupunguza, ndipo namimina tui zito huku nakoroga bila kuacha. Nikiona vipovu vinaanza kuchezacheza ukingoni mwa sufuria, naepua, samaki wanarudi. Dakika chache tu, lakini hazitaki mtu wa kulimimina, kufunika, akaenda kupokea simu, kisha akamlaumu mkulima wa Mafia.

"Mbona la kopo halikatiki?" Soma kopo. Mengi yametiwa vitu vya kulishikiza.

Tena kukatika si kosa kila mahali. Mafuta ya nazi ya nyumbani yanapatikana kwa kulichemsha tui mpaka likatike kabisa. Kwenye samaki wa kupaka, mafuta kidogo yakichungulia juu ya rojo mimi nafurahi. Kwa hiyo nikisema "limeharibika" nasema kwa mchuzi ule, si kwa kila chungu.

Na kuna hili la kukoroga upande mmoja. Bibi alinikataza kabisa kugeuza mkono. Nimeshageuza makusudi, mara kadhaa, tui likatulia kama kawaida. Sababu ya katazo lile sijaiona hadi leo, na mkono wangu bado unazunguka kulia.

Mteja wa Ijumaa nilimpa bakuli jingine, bure. Nazi ilikuwa nzima. Simu ilikuwa yangu.