Kuchonga si kusubu: sanamu za Ernst Barlach

Juzi nimesoma tena kwamba Ernst Barlach, msanii Mjerumani aliyezaliwa Wedel mwaka 1870 na kufariki Rostock mwaka 1938, "alichonga" sanamu ya malaika iliyomo katika kanisa kuu la mji wa Güstrow, Ujerumani. Malaika huyo hakuchongwa. Alisubiwa.

Kuchonga ni kupunguza gogo au jiwe mpaka umbo unalolitaka libaki. Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya kalibu, iliyotengenezwa kwa kufuata umbo lililofinyangwa kwanza, yakapoa yakiwa na umbo la kalibu hiyo. Kiswahili kilikwisha kuyatenganisha mambo haya kabla yetu: chonga ni neno la Kibantu, la tezo na patasi, na ndiyo maana mtumbwi, mpini na kinyago vyote huchongwa (vijana wanaouita mpango wa fedha "mchongo" sina ugomvi nao), ilhali subu limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kumimina, likafuatana na kalibu, ambalo nalo ni la Kiarabu. Tatizo limo katika neno sanamu, kwa kuwa halisemi lolote kuhusu namna kitu kilivyotengenezwa, na mwandishi mwenye haraka hulipachikia kitenzi cha kwanza kinachomjia.

Barlach alizifanya kazi za aina zote mbili. Ile ya kanisa kuu la Magdeburg, ya mwaka 1929, ni ya mti wa mwaloni: askari watatu wamesimama penye msalaba, na chini yao yuko mama aliyejifunika uso, kiunzi cha mifupa chenye kofia ya chuma, na mtu aliyejishika kichwa kwa mikono miwili. Hiyo ilichongwa. Malaika wa Güstrow, wa mwaka 1927, ni wa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Ananing'inia kwa minyororo, macho ameyafumba, mikono ameikunja kifuani, na uso wake unafanana na wa msanii Käthe Kollwitz.

Wanazi walizichukia zote mbili. Ya Magdeburg iliondolewa mwaka 1934, ikaponea chupuchupu na kurudi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Lau ingalitiwa moto, hakuna kalibu ambayo ingaliirudisha. Malaika alishushwa mwaka 1937, kisha akayeyushwa kwa mahitaji ya vita, lakini rafiki za Barlach walikuwa wamesubisha nakala ya pili wakaificha kijijini, na nakala hiyo imo katika kanisa la Antoniterkirche, Köln, tangu mwaka 1952. Kutokana nayo ikapatikana ya tatu, iliyorejeshwa Güstrow mwaka 1953. Linganisha na mchongo wake wa mama na mtoto uliomo kwenye nguzo ya mawe ya Hamburg, ambao ulifutwa mwaka 1938: ulipotakiwa tena mwaka 1949, ilibidi jiwe lichongwe upya, na Barlach alikuwa amekwisha kufa.

Cheo cha "mchongaji" tumwachie, kwa kuwa kimekwisha kuzoeleka na mwaloni wa Magdeburg unamstahilisha. Ila atakayemwandika tena malaika wa Güstrow, naomba aandike kwamba Barlach alimfinyanga, na mafundi wa bronzi wakamsubu.