“Ni” hutaja, “ndi-” huchagua

Shika kitabu mkononi, useme: “Hiki si kitabu.” Anayekusikia atakushangaa. Sasa sema: “Hiki sicho kitabu.” Hatashangaa tena, atakuuliza unatafuta kipi.

Hapo ndipo ilipo kazi ya “ndi-”, na “sicho” ni ukanushi wa “ndicho”. “Ni” na “si” hutueleza kitu ni cha aina gani. “Ndi-” huingia pale aina inapojulikana tayari, au tukio linapojulikana, na kilichobaki ni kukitambua chenyewe kati ya vingine. “Asha alivunja kikombe” ni habari tu. “Asha ndiye aliyevunja kikombe” inamtoa Asha kundini na kuwaachilia wengine wote. Mtu asiwe mwepesi wa kuitamka sentensi hiyo ya pili.

Umbo lake hufuata ngeli: mtu ndiye, watu ndio, mti ndio, miti ndiyo, jicho ndilo, kiti ndicho, viti ndivyo, funguo ndizo. Mahali huwa ndipo, ndiko au ndimo. Nafsi nazo zina yake: mimi ndimi, wewe ndiwe. Hata “ndiyo” ya kuitikia ina umbo hilihili.

Siku hizi “ndio” imebebeshwa mzigo wa zote: “kiti ndio hiki”, “funguo ndio hizo”. Katika mazungumzo mara nyingi haidhuru, kwa kuwa kidole kinaonyesha na macho yanaona. Maandishi hayana kidole. Msomaji ana silabi ile ya mwisho tu, -cho au -zo, ya kumrudisha kwenye nomino inayohusika, na ninaumia kila ninapoona imefutwa.

Katika mswada mmoja niliouhariri mlikuwa na sentensi hizi: “Mezani palibaki funguo na kisanduku. Ndio mzee alirudi kuchukua.” Nilizisoma mara tatu. Alirudia funguo? Kisanduku? Vyote viwili? Au mwandishi alimaanisha “ndipo mzee aliporudi”, yaani anatueleza wakati, wala si kitu? Kisa kizima kilitegemea jibu, maana kisanduku kilikuwa na barua ambayo mzee hakutaka isomwe. Nikaandika pembeni: “Ndizo, ndicho, ndivyo au ndipo?”

Jibu la mwandishi lilikuwa neno moja: “Ndizo.”